Chungu Kisicho na Tundu

Udongo uliokauka haupumui, na Fundi alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo alipokitoboa kile chungu kwa sindano, nacho kikashusha pumzi ndefu ya moto iliyonuka nywele zilizoungua, alibaki ameduwaa. Pumzi ile ilichukua muda kuisha.

"Hata vyungu vimekuchoka, Dada," mdogo wake wa kike alimtania huku akipanga rafu. "Vinahema."

Wakacheka, wakaendelea na kazi.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya tanuri la wote. Fundi ndiye pekee pale mtaani aliyekuwa na tanuri la gesi, na mtu anayefinyanga vikombe viwili kwa mwezi kujifurahisha hawezi kununua lake. Fundi akaona asiwe mchoyo. Muuguzi, dereva, mwalimu wa hesabu na wenzao, kila mmoja alipewa nafasi ya shubiri mbili kwenye rafu, vyote vikachomwa kwa moto mmoja. Kanuni zilikuwa mbili tu: vyombo visigusane, na chochote chenye uwazi ndani kiwe na tundu, maana mvuke uliofungiwa hukipasua chombo motoni kikaua na kazi za wenzako. Ya pili waliisahau kila mara, hivyo Fundi alizoea kutoboa mwenyewe bila kuuliza. Udongo uwahi ungali maji, alipenda kusema, ila kwa watu hawa aliuwahi hata ukiwa mkavu.

Chungu kile kililetwa na kinyozi, mtu wa maneno mengi ambaye vikombe vyake vilipinda kama mdomo wa aliyetoka kung'olewa jino. Safari hii alileta kitu cha mviringo, kizuri ajabu, ambacho hakijachomwa, hakina mdomo wala mfuniko. "Kazi ya mikono yangu," alisema. Fundi hakumwamini, lakini kumuumbua mtu mbele za watu hakukuwa tabia yake.

Jumatatu saa nne asubuhi wenye vyombo walikusanyika, Fundi akavuta mlango wa tanuri. Rafu zote zilikuwa zimejaa vigae. Hakuna kikombe kilichosalia, hakuna sahani. Katikati ya uharibifu ule kilisimama chungu cha kinyozi, kizima, bado udongo mbichi kana kwamba moto haukukigusa, na tundu la sindano limepanuka kiasi cha kuingia kidole gumba.

Mdogo wake akainama kukitoa. Kitu kilimvuta. Aliingia tanurini hadi mabegani, kichwa chake kikagongwa kwenye matofali mara moja, mara mbili, mara tatu, Fundi akiwa amemkumbatia kiunoni na kumvuta kwa nguvu zake zote, na alipoachiwa alisimama mwenyewe, damu ikimtiririka usoni, akitabasamu, na nyuma yake vigae vikainuka kutoka kwenye rafu kimoja kimoja, vikaruka, kimoja kikampasua muuguzi shavu hadi meno yakaonekana, na kabla mtu hajapata mlango binti yule alikuwa ameshaushika mkono wa kinyozi na anavikunja vidole vyake kinyumenyume, kimoja baada ya kingine, vikilia kama kuni kavu, huku akimuuliza kwa sauti nzito ya kiume, taratibu, "Nani alikuambia unibebe?"

Alikuwa amevunja vinne walipofanikiwa kumfunga kwenye meza ya kukandia udongo.

"Si changu," kinyozi alinong'ona. "Cha shangazi. Kilikuwa chini ya kitanda chake. Nilitaka na mimi mniite fundi."

Shangazi alikuwa mshona nguo, na pia mganga kwa wanaojua. Alifika na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akamzaba mpwa wake kofi, ndipo akauliza, "Aliyekitoboa nani?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Basi utakifunga wewe. Kazi hii hufungwa na aliyefungua."

Fundi hakuwa na mtu mwingine duniani. Alimlea yule binti tangu ana miaka sita, mama yao alipofariki, na sasa alimwona akijipinda mezani hadi kamba zikazama kwenye nyama na ubavu mmoja ukalia ko. Mganga alisoma, akafukiza, akaamuru. Mvuke mweupe ukatoka kinywani mwa binti, ukajisokota hadi tunduni. "Sasa!" Fundi akabandika donge la udongo mbichi, akalikandamiza kwa kidole gumba.

"Kitalia," mganga alimwonya kwa sauti ya chini. "Kitakuita kwa sauti ya umpendaye. Usikifungue, mwanangu, hata kikikuapia."

Kililia, kweli, ndani ya kabati la karakana. "Dada, nifungue. Huku giza. Dada." Fundi alijaza pamba masikioni na kulala nayo. Mdogo wake naye alipona haraka mno. Alikula, akafagia karakana, akacheka, na siku ya pili jeraha la kwenye paji halikuonekana tena. Fundi alimshukuru Mungu.

Jumamosi aliliwasha tanuri tupu, kujaribu kama bado zima. Aliporudi kutoka kuteka maji, alikuta mlango uko wazi, moto unavuma, na mdogo wake ameshika rafu iliyoiva nyekundu kwa mikono mitupu.

"Nakupangia, Dada. Hizi zilikuwa zimegusana."

Mikono ile haikutoa hata moshi. Fundi aliitua ndoo ya maji.

"Si wewe," alisema.

"Si yeye," ile sauti nzito ikakubali. "Yule mwanamke aliniamuru nitoke. Nikamsukuma binti mbele yangu, ukamfunga kwa kidole chako mwenyewe."

Fundi alikimbilia kwenye kabati, akakitwaa chungu na kukiinua juu ya kichwa.

"Fikiri kwanza. Ukikivunja, atarudi kwenye mwili wake, na mimi nitatafuta mwingine. Huko nje wako wangapi leo?"

Aliwasikia uani. Walikuwa saba, wanasalimiana, wanaoneshana vikombe, kinyozi akitania kuhusu bandeji yake na muuguzi akimsihi asimchekeshe, nyuzi zitafumuka. Watu waliomwamini. Ndani ya chungu sauti ndogo, iliyochoka, ilisema tu, "Dada." Fundi alikibamiza sakafuni.

Rafu nyekundu ilianguka. Yowe lililofuata lilikuwa la mdogo wake, la mtu mwenye nyama inayoungua, na Fundi alimkokota hadi kwenye pipa la maji, akamzamisha mikono hadi viwiko, ngozi ikibambuka na kuelea kama utandu wa maziwa. Binti alilia kwa maumivu. Fundi alilia kwa furaha, na aliona haya kwa furaha ile.

Kisha akagundua kwamba uani vicheko vimekatika, vyote kwa pamoja.

"Fundi," kinyozi aliita kutoka nyuma ya mlango, polepole, si kawaida yake. "Fungua. Vidole vyangu haviumi tena."

Kitu kizito kiligonga ukuta. Muuguzi alipiga kelele, akanyamaza ghafla. Dereva akaanza kuubamiza mlango kwa viganja. "Fundi, tuingize! Tunakufa huku!"

Fundi aliutazama mlango, uliozuiwa na kitasa peke yake, akamtazama mdogo wake. Kisha akatia komeo.