Nyoka Mwenye Upanga wa Jogoo

Gerson wa Ipagala, rafiki yangu wa damu, kasomea wanyama mpaka sisimizi wanampa shikamoo. Juzi alikwenda Mtera kumsalimia shangazi yake, Anyesi. Mchana ule mbuzi wa shangazi akapotelea kwenye pango la mawe, Gerson akajitolea kumfuata.

"Vaa helmeti yako ya pikipiki," shangazi akamwambia. "Mle kuna nyoka ana upanga kama wa jogoo. Anawika, halafu anagonga utosi."

"Shangazi bwana! Nyoka akijivua gamba, kipande kinanasa kichwani, ninyi mnakiita upanga. Na nyoka gani anawika?"

Akaivaa kumridhisha tu.

Pangoni giza lilikuwa nene mpaka tochi ya simu ikaona aibu. Mbuzi akalia mbele yake. Akamshika. Hapo, juu mwambani, jogoo akawika. Na ugonjwa wa mdondo ulishamaliza kuku wote wa kijiji!

Gerson akambeba mbuzi, akatoka mbio ambazo swala angeomba lifti. Njiani helmeti ikawa nzito kama ndoo ya maji. Akadhani ni woga.

Shangazi alipomwona, ungo ukamponyoka.

"Mwanangu," akanong'ona, "usitikise kichwa."

Juu ya helmeti, jogoo akawika.