Mzigo wa Iwasa

Asubuhi ya pili tangu atoke hospitali, Mzee Kudo alipanda mizani akakuta ameongezeka kilo tano. Miguu haikuvimba, na tangu jana alikuwa amekula uji wa mchele usio na ladha yoyote.

Mkewe Mineko alizitazama namba asisikie kitu moyoni. Alikwishachoka kuogopa. Somo walilopewa siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali alilishika kuliko mgonjwa mwenyewe. Muuguzi Hatsue aliwaambia chumvi itajaza maji mwilini na kuuzamisha moyo huu, na uzito ukipanda ghafla warudi haraka. Mineko, mtii kupita kiasi, akatupa rojo ya miso yenye chumvi, achari za figili, mchuzi wa soya, kila kitu. Hata kile kipakiti cha chumvi walichopewa jana mazishini kwa Iwasa, jirani yake mzee wa kitanda hospitalini, wajinyunyizie mlangoni ili marehemu asiwafuate ndani, alikitupa thelujini.

"Tumeingia hivi hivi?" mzee alinong'ona alipoambiwa.

"Si umekatazwa chumvi, Baba?"

"Kuila, bibie! Si kujinyunyizia!"

Nyumba ilinuka udi ambao hakuna aliyeuchoma, na nyuma ya shingo ya mzee kikasikika kikohozi, kilekile cha Iwasa, kikavu, kikikwaruza taratibu, kikisogelea sikio kila mzee alipovuta pumzi, mpaka Mineko akachukua funguo za gari na kumkokota nje.

Hospitalini kilo zilizozidi zilikuwa nane. Mzee alihema, midomo imemgeuka rangi.

"Mapafu ni safi," Hatsue alisema kwa sauti ya chini, akiutazama mgongo uliopinda. "Mlikwenda mazishini?"

Mineko akamweleza. Muuguzi akakimbilia jiko la wagonjwa, akarudi na chumvi mkononi.

"Bwana Iwasa, shuka tafadhali," aliomba, akaimwaga mabegani mwa mzee aliyekuwa bado juu ya mizani. "Moyo wake hauwezi kukubeba."

Kikohozi kikakatika. Namba zikaanza kushuka, kilo nane zikaisha, Mineko akashusha pumzi, nazo zikaendelea tu, hamsini, thelathini, kumi, mzee kasimama palepale kwa miguu yake miwili, mpaka mizani ikasoma sufuri.

Hatsue akamshika mzee mkono kupima mapigo. Akaushikilia muda mrefu akiyatafuta, kisha akauachia polepole, wala hakumtazama Mineko.

"Nimepona," mzee akasema. "Hata baridi sisikii. Twende nyumbani."

Mineko akamvalisha koti.