Chumba cha Mtu Mmoja

Siku ile mjinga alikuwa Lascelles Tulloch mwenyewe, na tuliseme mapema ili asije mtu akamwonea huruma kabla ya wakati wake.

Ilikuwa Jumamosi, pale Half Way Tree katikati ya Kingston, wakati wauza soksi, wahubiri wenye vipaza sauti na wanafunzi wanaotafuna mikate ya nyama wanapogombea kipande kimoja cha njia. Mvua ikamwagika bila hodi. Watu wakakimbilia kwenye mlango wa duka kubwa, na mlangoni hapo ndipo Lascelles alipokuwa na meza yake, imepangwa picha za hoteli za pwani. Kazi yake ilikuwa kuuza likizo. Shati la waridi, viatu vyenye ncha, na manukato yanayofika kabla ya mwenyewe.

Mwanamke mmoja akasukumwa na watu mpaka kwenye meza. Gauni la kijani limemganda mwilini kwa maji, vidole vina harufu ya mdalasini, na matone ya nywele zake yakaanza kuharibu picha za watu.

"Pole na mvua, mrembo," Lascelles akasema. "Unasubiri ikatike au unamsubiri bwana?"

"Nasubiri unyamaze."

Nyuma ya meza Bi Pansy, mwenye ofisi, alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Lascelles naye akacheka, maana kichwa chake kilikuwa kigumu, na tusi la kwanza kwake lilikuwa salamu. Lakini mwanamke hakuondoka. Aliinama akaanza kuzitazama picha moja moja, taratibu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Nataka bahari," alisema. "Wiki moja."

"Mmefika penyewe! Na mwenzako?"

"Niko peke yangu."

"Yaani mwenzako atakufuata baadaye?"

"Hakuna mwenzangu."

"Pole sana. Alifariki?"

Mwanamke akanyanyua macho. Macho mazuri, mapana, yasiyo na haraka. "Kaka, wewe unauza vyumba au unaandika habari za misiba?"

Jina lake lilikuwa Ionie Spaulding, mwokaji wa keki za harusi kule Vineyard Town. Miaka kumi na moja alikuwa amemuuguza mama yake, akilala sikio moja limefungwa na jingine wazi, akisikiliza kama mama anakohoa, anaita, au ameacha kupumua. Mama alikwisha kupumzika mwezi Februari. Sasa Ionie alitaka wiki moja ambayo hatamsikiliza mtu yeyote. Hayo tu.

Lascelles akamtolea picha nzurinzuri. Ionie akazirudisha.

"Hii ina muziki mpaka bwawani. Hapana. Hii mtu wa peke yake analipa kama wawili, kana kwamba kivuli changu kinakula. Hapana. Hii, ukikaa mezani peke yako wanakuletea wageni wengine wakuliwaze. Jirani yangu alienda, akaliwazwa na mzee wa Toronto mwenye picha za figo zake. Hapana."

"Na hii?" Lascelles akainua picha yenye dhahabu pembeni. "Njiwa Wawili, Negril! Mchanga mweupe kama unga wako."

"Njiwa Wawili," Ionie akarudia. "Mimi ni njiwa mmoja."

Mwishowe akachagua nyumba ambayo Lascelles aliitundika pale kujaza nafasi tu: ya Miss Hyacinth, Treasure Beach, vyumba vinne, mchanga mweusi, samaki wa kukaanga, na mwenye nyumba asiyependa mazungumzo. Chumba cha mtu mmoja, mwezi wa Agosti. Akaandikisha. Mvua ikakatika. Akaondoka, na moyo wa Lascelles ukamfuata mbio kwenye matope, viatu vyenye ncha na vyote.

Akampigia jioni ileile.

"Ni kuhusu safari yako, Bi Spaulding."

"Imekuwaje?"

"Haijawa kitu. Nilitaka kusikia unavyosema 'imekuwaje'."

Kikatoka kicheko, kidogo, kama cha mtu aliyekikuta kwenye mfuko wa koti la zamani.

Basi hapo ndipo ilipoanza. Alimpigia asubuhi: "Umeamka, asali?" Mchana: "Umekula, roho yangu?" Jioni: "Umechoka, kipenzi?" Na katikati ya hapo, mara tatu nne zaidi, bila sababu. Ionie akamwambia, "Lascelles, mama yangu alikuwa akiniita mara tano kwa siku. Wewe umemzidi, na wewe huumwi." Lakini alikuwa akipokea. Jumapili alimkaribisha jikoni kwake, akamfunga aproni ya maua, akampa kazi ya kuponda sukari. Alimpaka unga puani akambusu palepale penye unga. Kwenye rafu kulikuwa na mitungi ya zabibu na matunda makavu yakilowana kwenye ramu, kama desturi ya keki za harusi pale kisiwani, miezi na miezi.

"Huu mdogo wa nani?" Lascelles aliuliza, akigusa mtungi uliojitenga.

"Toa mkono. Huo hauna mteja."

Angekuwa na akili angeuliza tena. Hakuuliza. Alikuwa akijitazama kwenye kioo cha dirisha kama aproni inampendeza.

Mwezi Julai akamwambia, "Nikuoe, Ionie."

Ionie alikuwa akipiga mayai. Hakuacha. "Nirudi kwanza kutoka Treasure Beach."

"Kwa nini usinijibu sasa?"

"Kwa sababu toka nilipokuwa msichana sijawahi kujibu kitu bila mtu kuniita chumba cha pili. Wiki ile ni yangu. Jumamosi ya mwisho uje unichukue kwa Miss Hyacinth. Vaa suti."

Suti! Hata mbuzi wa Treasure Beach angeelewa. Lakini mapenzi ya Lascelles yalikuwa na masikio ya upande mmoja. Alisikia "wiki ile ni yangu" na hakusikia "vaa suti".

Ofisini Bi Pansy akammalizia. "Mwanamke mzuri vile, gauni jipya la kuogelea, chumba cha mtu mmoja? He! Mwanangu, chumba cha mtu mmoja kina mlango mmoja, lakini mlango hauhesabu wanaoingia." Akacheka akaendelea kula mkate wake na jibini. Ulikuwa utani. Lascelles alienda nao nyumbani akalala nao kitanda kimoja.

Asubuhi akapiga simu Treasure Beach. "Bi Spaulding haji tena," alisema, sauti laini. Kisha akapiga Negril, Njiwa Wawili, kule kusikopokelewa mtu ila wawili wawili. Akaagiza kitanda cha maua, bata wa taulo wanaobusiana, na wapiga ngoma wanne. Mwisho akampigia dereva wa ofisi aliyekuwa amchukue Ionie. "Usimwambie kitu. Ni zawadi."

Siku yenyewe simu ya dereva iliingia Lascelles akiwa tayari Negril, amesimama kwenye ukumbi wa mapokezi, suti nyeupe, waridi jekundu kifuani.

"Bosi, amelala," dereva akanong'ona. "Toka tunatoka mjini. Alisema alikuwa anaoka mpaka alfajiri. Amelala kama mtoto, mdomo wazi, amekumbatia mkebe wa bati."

"Usimwamshe!" akasema Lascelles kwa furaha.

Fikiria. Mwanamke hajalala masikio yote mawili yamefungwa kwa miaka kumi na moja, na siku aliyoyafunga, wamempitisha Treasure Beach yake bila yeye kujua.

Gari likasimama. Ngoma zikaanza. Ionie alishuka akiwa na gauni la manjano lililokunjamana kwa usingizi, kofia ya ukili upande, mkebe kifuani. Kabla hajauliza, binti wa mapokezi alikwisha kumfunga mkononi ule ukanda wa rangi wanaofungwa wageni, sawa na ule wa Lascelles. Wawili wawili walitoka bwawani, wameshikana viuno, simu zimeinuliwa juu. Lascelles akapiga goti, pete mkononi. Kigae kilikuwa na maji. Goti likateleza kidogo, akalirudisha.

"Ionie, malaika wangu, utakubali—"

"Hapa ni wapi?"

"Negril, kipenzi! Njiwa Wawili!"

"Na chumba changu cha Treasure Beach?"

"Nilikifuta, asali. Wiki nzima peke yako, ungefanya nini? Sasa tuko pamoja. Nitakuwa nawe asubuhi, mchana, jioni..."

Alikuwa anahesabu kwa vidole. Ionie alikuwa anavitazama vile vidole. Kisha akamgeukia binti wa mapokezi, kwa upole kabisa.

"Mwanangu, huyu bwana akiondoka, mimi naweza kubaki?"

Binti akamtazama meneja wake, akatazama chini. "Samahani, mama. Hapa ni wawili wawili tu."

Na Lascelles akacheka. Kosa lake kubwa halikuwa simu ya Treasure Beach. Lilikuwa kicheko kile. "Unaona, mpenzi? Bila mimi hata lango hulivuki!"

Wageni nao wakacheka, kwa heshima. Ngoma zikasita. Ionie akaweka mkebe chini, akauvuta ule ukanda mkononi mwake mpaka ukateleza kwenye vidole, akainama, akamvalisha Lascelles mkono wa pili, mkono aliokuwa ameshikia pete.

"Haya," alisema. "Sasa mmetimia wawili."

Akaokota mkebe, akarudi garini. Dereva, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile aliona haya, hakungoja kuambiwa. Lascelles akabaki na goti lake kwenye maji. Watu wakashusha simu, isipokuwa mmoja.

Halafu meneja akamjia, mikono nyuma. "Bwana Tulloch, pole sana. Lakini unaelewa... wewe sasa uko mmoja."

Wakamsindikiza mpaka barabarani. Wale bata wa taulo waliachwa wabusiane wenyewe.

Aliporudi Kingston alimpigia Ionie mpaka betri ikachoka. Hakupokea. Jumatatu ofisini alimweleza Bi Pansy yote, akitegemea faraja, na hiyo kwa Bi Pansy haikuwa bidhaa ya dukani.

"Mkebe wa bati?" Bi Pansy aliacha kutafuna. "Wenye kifuniko cha bluu? Lascelles, wewe ni wa kupimwa kichwa. Ionie alikuja hapa mwezi uliopita kuniuliza kama keki ya harusi inastahimili safari ya gari. Ndogo, alisema, ya watu wawili. Ya kukata Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Aliyokwambia uvae suti!"

Lascelles akakaa. Kiti hakikuwapo pale alipodhani; akakaa sakafuni.

"Na wewe Bi Pansy ulijua, ukaniambia habari za mlango hauhesabu wanaoingia?"

"Nilitania, mwanangu. Nilidhani unamjua mwanamke wako kuliko utani wangu."

Lakini moyo wa muuzaji haufi kirahisi. Kama alikuwa ameoka, basi alipenda. Kama alipenda, basi yabaki maneno tu, na maneno ndiyo kazi yake. Jumamosi akavaa suti ileile nyeupe, goti la kulia lina alama ya maji, akaenda Treasure Beach kama alivyokuwa ameambiwa, siku aliyokuwa ameambiwa.

Alimkuta kibarazani kwa Miss Hyacinth, miguu juu ya kiti, gauni la bluu lililopauka, jua limemfanya mweusi anayeng'aa. Nyuma yake upepo ulikuwa ukipeperusha pazia la chumba kidogo chenye cherehani.

"Umepata chumba," Lascelles akasema, maana alihitaji kuanza mahali.

"Changu kilishachukuliwa. Miss Hyacinth alinipa stoo ya kushonea. Ina dirisha. Bahari nimeisikia kwa masikio yote mawili."

"Ionie wangu, nimekosa. Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa."

"Nilikupenda kupita kiasi."

"Hapana, Lascelles. Kiasi ndicho nilichokuomba."

Miss Hyacinth alipita na sahani ya samaki, akatazama suti, akatazama goti, akaenda zake. Lascelles akasogea ngazi moja. Akapiga goti tena, safari hii kwenye mbao kavu, akatoa pete.

"Nimekuja leo kama ulivyosema. Bi Pansy amenieleza keki. Uliioka kwa ajili yetu, usikatae! Ulikuwa umeniitikia kabla hata hujaondoka!"

Ionie akaitazama pete. Mdomo wake ukatetemeka mara moja, na kama ungekuwapo ungemhurumia yeye, si yule wa suti.

"Nilikuwa nimekuitikia," alisema. "Alfajiri ile, nikiipaka sukari. Niliimba."

"Basi ilete! Tuikate, mpenzi. Yaliyopita yamepita."

Ionie akanyoosha mkono chini ya kiti, akatoa mkebe wenye kifuniko cha bluu, akamrushia. Ulikuwa mwepesi. Lascelles akaufungua. Harufu ya ramu na mdalasini ilimpanda kichwani. Ndani mlikuwa na makombo na kisu.

"Umeila?" Sauti yake ikapanda mpaka wavuvi wakageuka. "Umeila yote? Keki ya harusi? Ionie, keki ya harusi hailiwi na mtu mmoja! Wapi umeona? Ina wenyewe wawili, ndiyo maana yake, mtu mmoja hawezi, hata kumeza hawezi!"

"Nimeila kipande kila jioni, Lascelles," Ionie akasema, akirudisha miguu yake juu ya kiti, "na hakuna hata kimoja kilichoniuliza, 'Na mwenzako?'"