Silingi Yangu Niliikuta Bungoma

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa binti mmoja, na ninaishi nje kidogo ya mji wa Kitale, kwenye ploti niliyoachiwa na marehemu baba. Nasimulia haya bila aibu. Wa kuona aibu si mimi.

Mume wangu, Wafula, ni fundi wa nyumba. Lakini yetu ilivuja. Upepo ulipita kwenye nyufa, maji yakaingia chini ya mlango hadi miguu ya kitanda. Binti yetu Nekesa, wa miaka sita, alikohoa kila msimu wa mvua.

Niliuza ng'ombe wangu, nikanunua bodi za silingi, za kufunika dari. Nekesa aliandika jina lake kwenye bodi moja kwa kalamu nyekundu, ati hiyo itakuwa juu ya kitanda chake.

"Nipe wiki mbili tu, Mama Nekesa," Wafula aliniambia.

Siku ya tatu alizipakia zote kwenye pikapu, ati zikakatwe vizuri kwa rafiki yake. Nilimwamini. Kwani ningemshuku vipi mume wangu? Wiki zikawa miezi, hakurudi... simu akawa hashiki.

Asubuhi moja ya mvua, Nekesa alitetemeka hadi meno yakagongana. Niliziba nyufa kwa matambara, nikafunga dirisha na mlango, nikaingiza jiko la makaa. Joto likaja. Kisha kizunguzungu. Nilijaribu kuinuka, miguu ikakataa...

Jirani yangu, Mama Wanjiru, alikuja kuomba chumvi. Ndiye aliyesukuma mlango na kutuburuta nje. Daktari aliniambia wazi kwamba hewa ya makaa ilibaki kidogo tu ituue. Jiko lile niliwasha mimi. Hilo nalikiri.

Nekesa alipopona, nilisikia kwamba baba yake yuko Bungoma, nikaenda kumtafuta. Nilielekezwa kwenye nyumba mpya, kavu. Mwanamke nisiyemjua akanikaribisha kiti. Nikainua macho... jina la binti yangu kwenye silingi, kwa wino mwekundu, juu ya kitanda cha mwingine.

Wafula akaingia. "Si ungepiga simu kwanza?"

Sikulia. "Kaa hapo penye joto," nikamwambia. "Kwangu usirudi."

Nilichimba mtaro kuzunguka nyumba. Nikakandika nyufa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, nikaziba matundu ya mabati kwa lami, nikashona magunia yakawa silingi. Mama Wanjiru alinifunza kujenga jiko la udongo lenye bomba la kutoa moshi nje. Kuni nilizomaliza kwa siku moja sasa zinanifikisha ya pili.

Msimu uliofuata Wafula alisimama mlangoni na begi, amefukuzwa na yule mwanamke, amelowa.

"Mama Nekesa, hii baridi itaniua."

"Mtaani Kipsongo kuna vyumba vya kukodisha," nikamjibu, nikafunga mlango.

Dada zangu, nawasihi, msijifungie ndani na jiko la makaa, hata baridi iwe kali namna gani. Na msikae mkitetemeka mkimngoja mtu aje kuwakaushia nyumba. Jembe mnalo, mikono mnayo.

Ninapoandika haya mvua inapiga mabati. Nekesa yuko mezani anaandika kazi ya shule, miguu mitupu sakafuni. Sijamsikia akikohoa.