Mtungi wa Chumba cha Kushonea

Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umeshuka tena ukutani. Devota aliukuta umesimama mbele ya chumba cha kushonea, kama mtu anayengoja kufunguliwa mlango. Alipouinua kuurudisha mahali pake, aliusikia ukitoa pumzi. Sss. Kisha kimya.

Jengo lilikuwa la mumewe, Edmund, pale Mwanjelwa: chini maduka, juu mafundi cherehani. Anjela, mdogo wake Devota, alikuwa mmoja wa mafundi hao, hadi moto ulipomkuta humo ndani. Edmund alikwenda Ipogolo kwa wakwe zake akawaambia kwamba binti yao alichanganyikiwa, akapuliza dawa ya mtungi ovyo hadi ikaisha. "Vifaa vyote vya kisheria vilikuwepo," alisema msibani. "Zimamoto walikagua wenyewe." Mama yao alipotaka kuuliza zaidi, Devota ndiye aliyemnyamazisha.

Baada ya arobaini, harufu ikaanza. Nywele zinazoungua. Ilikuja mchana, ukungu uliposhuka kutoka mlimani, na mafundi wakaanza kuhama mmoja mmoja bila kuaga. Siku moja Devota alisikia cherehani ikizunguka ndani ya chumba kilichofungwa, akasogea, akaweka sikio mlangoni, na ile cherehani ikasimama, na upande wa pili wa ubao, karibu kabisa na shavu lake, mtu akakohoa kikohozi cha moshi, kirefu, kisichopata hewa.

"Baba Mercy, tutafute mtu," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini.

Edmund, mzee wa kanisa, hakubisha. Devota alilishangaa hilo.

Aliitwa Budeba, mganga aliyetoka bonde la Usangu. Aliwaketisha chumbani humo saa sita mchana, akafukiza dawa. Moshi haukupanda. Ulitambaa sakafuni, ukamzunguka Edmund, ukamwingia puani, naye akalegea shingo kama kuku aliyenyongwa, na mdomo wake ulipofunguka, sauti iliyotoka ilikuwa ya Anjela.

"Shemeji, ulisema mtungi ni mzima. Nilivuta pini, nikabana. Haukutoa kitu. Nikabana tena."

"Usimjibu, mama," Budeba alinong'ona. "Jini huyo. Huvaa sauti ya marehemu."

Devota akauliza hata hivyo. "Siku ya ukaguzi mitungi ilikuwa mizima. Nani aliibadilisha?"

Edmund akajibu kwa sauti yake mwenyewe, macho yamefumbwa, machozi yakimtiririka.

"Ile niliazima, Devo. Kwa siku moja tu. Walipoondoka nikairudisha, nikatundika hii mitupu. Sikudhani patawaka."

Devota alikumbuka uso wa mama yake msibani, ulivyogeuka ukutani alipoambiwa anyamaze.

Budeba alikwishashika usinga wake. "Jini amejionyesha. Nimtoe sasa?"

"Funga mkoba wako, mzee."

"Mama, nikimwacha leo hatoki tena."

"Nimesikia. Twende."

Waliteremka ngazi. Nyuma yao Edmund alimwita mke wake kwa jina, akimsihi, na Devota hakugeuka. Kisha sauti ikabadilika, ikawa nyembamba, ikamwita "dada", na hapo ndipo alipoyumba na kushika ukuta, akauondoa mkono upesi kwa sababu ukuta ulikuwa unachoma.

Alifika chini akawaambia wenye maduka watoke nje, wote, waache kila kitu. Alisema taratibu, na pengine ndiyo sababu walimtii. Walisimama barabarani wakitazama madirisha ya juu, ambako moshi ulikuwa unaanza kuchungulia.

Gerson wa duka la vitenge alimshika mkono. "Dada Devota, kuna mtu huko juu?"

"Mume wangu," alisema. "Yuko na mdogo wangu."