Ukuta Usiopakwa Chokaa

Kila asubuhi huko Alunguli, mjini Kindu, Mama Marceline hufagia ua wake, kisha hupanga chumvi na mihogo kwenye meza yake ya kuuzia. Akifika nyuma ya nyumba huutazama ukuta na kunung'unika. Binti yake, Christelle, ameujaza picha kwa makala, yaani mkaa wa jikoni. Yuko mama anayesuka nywele. Wako wanaume wanaosukuma baiskeli zenye mizigo. Yuko jirani yao Ilunga, amelala mdomo wazi. Karatasi ni ghali na ukuta ni bure, basi msichana akachora.

Marceline hakuzichukia picha zile. Zilimuumiza tu. Zilimkumbusha mdogo wake, Isidore.

Wakati wa vita, mji wa Kindu ulifungwa. Treni haikufika, mashua hazikufika, hata sabuni ikawa kitu cha kusimuliwa. Isidore alikuwa kijana asiye na shule wala kazi. Alichukua makala jikoni, akachora watu kwenye kuta za nyumba hiyohiyo. Alichora waliokimbilia porini, na waliorudi wamekonda, na wale ambao hawakurudi kabisa. Majirani walikuja kumwona mtu wao ukutani. Walikaa kidogo, kisha wakaenda zao.

Vita vilipopoa, Isidore alisema anataka kusomea uchoraji Amerika. Wazazi walikuwa wamekufa, kwa hiyo dada mkubwa ndiye aliyeamua. Marceline akamchagulia chuo kama tunavyochagua sisi watu wa hapa: pale alipo ndugu. Binamu yao Rodrigue alikuwa anaishi kule. Wakaandikia chuo cha mji wake, wakangoja. Kumbe chuo kile kilifundisha mitambo na uhasibu, hata chumba cha kuchorea hakikuwa nacho. Mwaka ukapotea hivi hivi.

Baadaye chuo kingine kilitaka kuona kazi za Isidore mwenyewe. Lakini Marceline alikuwa ameshaolewa, na kwetu hakuna ndoa bila kupaka nyumba chokaa. Kuta zote zilikuwa nyeupe.

"Si kitu, yaya," Isidore alimwambia dada yake. Lakini kilikuwa kitu. Hakuchora tena. Alishika brashi ya chokaa, na mpaka leo anapaka nyumba za watu.

Sasa Christelle amemaliza sekondari, na yeye pia anataka kusomea sanaa Amerika.

"Rodrigue iko kule," Marceline akamwambia. "Utaenda ku chuo cha kwake. Utakuwa na muntu wako."

"Na kama hawafundishi kuchora, mama?"

"Amerika njo Amerika, mutoto wangu. Yote ni moja."

Jirani yao Mama Philomène alikuwa mezani ananunua chumvi. Yeye alisomea ufumaji na uchongaji Amerika, akarudi kumtunza mama yake mzee, na sasa anafundisha shuleni.

"Mama Christelle, usinikasirikie," akasema. "Amerika iko na vyuo vingi sana, na kila kimoja na mambo yake. Kumtafutia mutoto chuo kwa sababu Rodrigue anaishi karibu, ni kumtafutia Rodrigue mugeni."

Marceline alitaka kucheka, akashindwa. "Basi tuanze wapi?"

"Tuanze na mutoto mwenyewe. Christelle, unataka kuchora tu asubuhi mpaka jioni, ama na masomo mengine?"

Christelle akafikiri. "Nataka historia pia. Nataka kujua hawa watu ninaowachora walipitia nini."

"Basi usikimbilie shule za sanaa tupu. Kuko vyuo vidogo vyenye idara ya sanaa. Vingine vinawapa wageni bursi ya kulipia masomo, vingine hapana. Unafungua ukurasa wa chuo chenyewe kwenye intaneti, unatafuta mahali pa wanafunzi wa kigeni. Kama hawasemi wazi, unawaandikia na kuwauliza. Na unaangalia walimu wao wanafanya kazi gani. Kama wote wanachonga mawe na wewe unataka kuchora, utateseka bure."

"Na tukichagua kile kizuri, njo imekwisha?" Marceline akauliza.

"Kimoja hakitoshi. Omba kwenye vyuo kadhaa. Na uhakikishe kila kimoja kinatambuliwa kule, maana kuko vyuo vya jina tu. Akija muntu kusema umulipe na atakupa nafasi, mwache aende. Halafu kuko mtihani wa Kiingereza, hapo hakuna njia ya mkato." Akamgeukia Christelle. "Watataka kuona kazi zako. Si zile za kunakili kwenye kalenda. Zako mwenyewe. Uko nazo?"

Christelle akaonyesha nyuma ya nyumba. "Njo ule ukuta tu."

Philomène akaenda kuutazama. Alikaa huko kitambo.

"Tuupige picha leo, mwanga ukiwa mzuri," akasema aliporudi. "Kabla mvua haijauosha."

Marceline alikuwa ameinamia chumvi yake. "Ile chokaa nilinunua mimi mwenyewe," akasema polepole. "Hakuna aliyenituma." Philomène hakuuliza chokaa gani. Alunguli yote inaijua habari ile.

Kazi haikuwa ya siku moja. Christelle alijifunza Kiingereza kwa Philomène, akaandikia vyuo, akachora kwenye kila karatasi aliyoipata. Chuo kimoja kilisema hakisaidii wageni, wakakiacha. Viwili vilimkataa, akalia, akaendelea. Mwisho chuo kidogo, mbali kabisa na kwa Rodrigue, kilimpokea kwa bursi ya masomo na malazi. Walimu wa pale walimpenda sana Ilunga aliyelala mdomo wazi.

Viza ilipopatikana, wakaandaa sherehe ya kumuaga. Na kwa kuwa ni sherehe, Isidore akaja na ndoo yake ya chokaa. Akapaka mbele, akapaka pembeni, akazunguka nyuma.

Marceline akatoka jikoni mbio, unga mikononi. "Isidore, acha. Ule ukuta usiuguse."

Isidore akasimama. Chokaa ilikuwa inadondoka kwenye miguu yake. Akamtazama mama anayesuka nywele, akawatazama watu wa baiskeli, mmoja mmoja, bila haraka.

"Yaya," akasema, wala hakuwa na hasira, "ungesema vile siku ya ndoa yako."

Kwa zaidi ya miaka ishirini Marceline alikuwa na maneno ya kumwambia mdogo wake. Alirudi jikoni, akaokota kipande cha kaa lililozimika, akamnyooshea.

"Mukono umesahau," Isidore akasema.

Hata hivyo alikipokea. Akakitia kwenye mfuko wa shati, akabeba ndoo yake, akaenda kwa jirani, ambako kulikuwa na ukuta mwingine wa kupaka.