Uzi Mkavu

Uzi ulitoka mdomoni mwa shangazi ukiwa mkavu.

Hilo ndilo binti aliloliona kwanza asubuhi ile, kabla hajaelewa kwamba lori lao halitaondoka tena. Tangu utotoni alimwona shangazi akiulamba uzi mara moja, akiusokota kwa vidole na kuupitisha kwenye tundu la sindano huku akipiga soga. Sasa aliulamba, akaulamba tena, na ncha ikabaki imetawanyika kama ufagio uliochakaa.

"Hebu nitungie wewe," shangazi akasema. "Macho yamechoka."

Binti akaulowesha kwa mate yake, akatunga, akarudisha sindano bila neno. Dereva alikuwa amempachika jina la Bi Kimya, na lilimkaa.

Shangazi na binti walikuwa mafundi wa kushona maturubai. Walikuwa wakipelekwa kwenye kambi ya machimbo, ng'ambo ya jangwa, kushona mahema yaliyochanika. Jana yake mchana tufani ya mchanga iliwakuta njiani. Dereva, mtu mzima aliyeitwa Mzee Honi kwa jinsi alivyopenda kuipiga, aliendelea kukata mbele kwa kubahatisha, honi ikilia utadhani kuna mtu wa kumpisha. Upepo ulipotulia, barabara haikuwepo. Kisha mpira wa rejeta ukapasuka. Aliufunga kwa ukanda wa tairi, akamimina dumu zima la maji ya kunywa. Maji yote yakaishia mchangani, na injini ikazima. Kilichobaki ni kidumu kimoja, nacho nusu.

"Lingekuwepo lile dumu lingine..." Mzee Honi alisema, akamezea maneno mengine.

Wakati wa kupakia aliwauliza, "Nyie mnakunywa maji kiasi gani kwa siku?" Shangazi akacheka. "Sisi ngamia, baba. Kikombe asubuhi, kikombe tukifunga kazi." Basi dumu moja likashushwa, mahali pake pakawekwa robota la turubai.

Wala hayakuwa majigambo. Chumba chao cha kushonea hakikuwa na choo. Choo kilikuwa nyuma ya duka la vipuri, na ufunguo ulitundikwa nyuma ya kaunta, pale wanaume walipokaa wakicheza drafti. Mwanamke akiingia kuuomba, mchezo unasimama. "Leo mara ya pili, mama! Una kiwanda?" mmoja angesema, na wenzake wangeangua kicheko. Basi mafundi wote wa kike wa mtaa ule wakaacha kunywa maji mchana, bila hata kukubaliana. Shangazi alimfundisha binti hivyo pamoja na kupiga pindo. Kiuno kikiuma, walilaumu kiti. Mkojo ukiwaka kama pilipili, walinyamaza.

Jua lilipopanda, walitanda turubai kutoka ubavuni mwa lori na kuketi chini yake. Mzee Honi alichoma tairi la akiba ili moshi uonekane mbali, akarudi uso umejaa masizi.

"Hatutembei," akasema. "Anayetembea saa hizi anatafuta kaburi. Tutakunywa kidogo kidogo, yafike kesho."

Akapima maji kwa kikombe cha bati, robo kwa kila mtu. Shangazi alipokea, akakiinamisha kikombe mdomoni, akampa binti. "Malizia, mwanangu. Mimi nimetosheka."

Koo lake halikuwa limecheza. Binti aliliona hilo, na aliona kikombe kilivyobaki vilevile. Aliona pia kwamba kwenye joto lile, yeye na Mzee Honi wakitiririka jasho, paji la uso wa shangazi lilikuwa kavu kama karatasi.

"Shangazi, kunywa," akanong'ona.

"Nikinywa nitakwenda wapi?" Shangazi naye alinong'ona, akimtupia jicho dereva. "Huoni palivyo peupe? Hata kichaka hakuna. Mwanamume wa watu kakaa pale."

"Shangazi..."

"Vumilia. Tumezoea."

Baadaye kidogo shangazi alianza kuzungumza na wateja wasiokuwepo. Alimwambia mmoja kwamba hema lake liko tayari, alete gari. Vidole vyake vilishona hewa.

Binti akasimama. Akachukua mkasi, akakata kipande kirefu cha turubai jipya, mali ya watu, akashona vitanzi upesi kwa mishono mipana ambayo siku nyingine ingemletea matusi. Akakitundika nyuma ya lori kuanzia kwenye bodi hadi chini, kikazunguka pande zote.

"We Bi Kimya, unajenga nyumba?" Mzee Honi akauliza.

Binti alirudi, akachukua kidumu, akajaza kikombe mpaka juu.

"Eh, eh! Hayo ya kesho!"

Binti alielekeza kidole kwa shangazi, halafu kwenye pazia. Mzee Honi akatazama lile turubai, akamtazama mama yule anayeshona hewa. Ilimchukua muda. Kisha akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Kumbe ndiyo maana," akasema polepole. "Na mimi niliwapakia njia nzima, sikusimama hata mara moja. Nikasema abiria hawa raha, hawasumbui." Akasogeza kikombe chake kando ya kidumu. "Mpe na yangu. Mtu kwenye joto hili anataka lita nne, tano, mwanangu. Siyo vikombe viwili. Mpe taratibu, asitapike."

Funda kwa funda, binti akimshika kichwa, shangazi alikunywa. Alipokataa, binti alimgeuza uso kuelekea pazia. "Kile ni chako, shangazi. Hakina ufunguo."

Jua lilikuwa limeanza kulegea shangazi alipoomba kuinuliwa. Nyuma ya pazia, kilichotoka kilikuwa kichache, cheusi kama chai iliyochemka mno. Binti alikifukia kwa mguu, na machozi yakamtoka. Kidumu kilikuwa kitupu.

Ndipo honi ikalia. Mzee Honi aliruka. "Siyo mimi!" akapiga kelele. "Jamani, siyo mimi!"

Walikuwa mafundi wa barabara, wamekuja na greda kusukuma mchanga. Waliuona moshi. Waliwapa maji, wakawapakia kwenye gari lao, shangazi na binti wamebanwa katikati ya wanaume wenye makoti ya kung'aa, Mzee Honi mbele. Shangazi alikunywa chupa nzima, akafunguliwa nyingine. Macho yake yalirudi kuwa ya mtu.

Baada ya mwendo kidogo, binti alihisi goti la shangazi likitetemeka, kisha magoti yote mawili yakabanana. Aliijua dalili ile. Mkono wa shangazi ukamshika paja, sauti ikamjia sikioni: "Bado kidogo tu. Tuvumilie."

Binti akawatazama wanaume wale mmoja mmoja. Mmoja alikuwa akisimulia kitu, wengine wakicheka. Akainuka nusu, akagonga kioo cha dereva kwa pete ya kushonea, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotarajia.

"Simamisha gari! Tunataka kukojoa."